Juni Ikiingia, Geuka Kusini

Wengi wanaotaka kuanza kutazama nyota huanza na swali la dukani: ninunue darubini ipi, na ni shilingi ngapi? Swali hilo nitalifikia. Lakini kwa mtu wa Nyegezi, au jirani yake wa Luchelele, Malimbe, Butimba na Mkolani, maswali yanayotangulia ni mawili: usiku upi, na nisimame wapi? Ukiyajibu hayo vizuri, hata kifaa cha bei ndogo kitakuonyesha kitu ambacho watazamaji wa nyota wa Ulaya hupanda ndege kukifuata huku kusini.

Kitu chenyewe kinaitwa Omega Centauri. Ni fungu la nyota lenye umbo la tufe, kubwa kuliko mafungu yote ya aina yake katika galaksi yetu ya Njia Nyeupe. Nyota zake zinakadiriwa kufikia milioni 10, zote zimeshikana kwa uvutano wao wenyewe, na umri wake ni kama miaka bilioni 12, wakati jua letu lina miaka bilioni 4.6. Kilimia, ambacho wakulima na mabaharia wetu wamekitumia vizazi na vizazi kuhesabia misimu, nacho ni fungu la nyota, lakini la aina nyingine: nyota zake ni changa, zimeachana, na jicho huzihesabu sita au saba bila shida. Mafungu ya tufe ni ya kale na yamesongamana. Katika galaksi yetu yanajulikana zaidi ya 150, na Omega Centauri ni mojawapo ya machache yanayoonekana kwa macho matupu.

Sasa tazama bahati ya mahali. Nyegezi ipo nyuzi 2.6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo fungu hili likifika kilele cha safari yake ya usiku husimama nyuzi 45 juu ya upeo wa kusini, yaani nusu ya njia kutoka upeoni hadi utosini. Hapo limeshapita vumbi, moshi wa majiko na mapaa ya nyumba. London na Berlin halichomozi kamwe. Mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka huko bila kuliona hata mara moja. Zaidi ya hayo, katikati ya jiji la Mwanza, pamoja na taa zake zote, ipo kaskazini ya Nyegezi. Ukigeuka kusini, umeupa mji mgongo. Wakazi wengi wa Nyegezi huona kwamba kukaa mbali na katikati ya jiji ni hasara. Kwa nyota ni faida kubwa, na inazidi kadiri unavyosogea kuelekea Luchelele.

Kwa sababu hiyo nawasihi wanaoanza wasifuate kwa upofu vitabu na programu za simu zilizotungwa kwa ajili ya watu wa kaskazini. Vingi vitakuambia uanze na fungu la M13 katika kundi la Hercules. Ni fungu zuri, na lina historia yake: mwaka 1974 wanasayansi wa Arecibo, Puerto Rico, walilitumia ujumbe wa redio. Lakini ukiwa Nyegezi, M13 hupita upande wa kaskazini, juu kabisa ya mng'ao wa taa za mjini, na hata penye giza zuri ni dogo na hafifu kuliko Omega Centauri. Liache lisubiri.

Msimu nao unakusaidia. Masika huishia Mei, kisha Juni na Julai anga la Mwanza huwa kavu na safi kuliko miezi mingine mingi. Kuanzia Agosti moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa huanza kulitia anga rangi ya kahawia, hasa chini karibu na upeo. Omega Centauri hufika kilele chake upande wa kusini saa tatu usiku karibu na tarehe 9 Juni. Kila siku hutangulia kwa dakika kama nne, kwa mwezi saa mbili. Kwa hiyo karibu na tarehe 10 Mei kilele ni saa tano usiku, na karibu na tarehe 9 Julai ni saa moja jioni, giza likiwa bado halijashika. Jua huzama kwetu saa moja kasoro, na saa mbili na dakika chache giza limekamilika. Ukiweka kazi yako kati ya mwanzo wa Juni na katikati ya Julai, kuanzia saa mbili na robo hadi saa tatu na nusu usiku, utalikuta fungu liko juu na wewe hujanyimwa usingizi. Hata mtoto anayewahi shule asubuhi anaweza kushiriki.

Baki ya hesabu ni mwezi. Mwezi mpevu hufifisha mno mafungu ya nyota, na hakuna darubini inayorudisha chote kilichofifia. Wavuvi wa dagaa wanaijua hesabu hii kuliko mtazamaji yeyote wa nyota. Wao huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukijaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa vizuri juu ya maji yaliyokwisha kuangazwa. Ukiona boti za dagaa zinatoka, jua kuwa usiku huo ni wako pia. Mwenye kalenda ya Kiislamu nyumbani ana njia nyepesi zaidi: kuanzia tarehe 20 hivi ya mwezi mwandamo hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata, saa za mwanzo wa usiku ni za giza, kwa kuwa mwezi ama haujachomoza, ama ni hilali nyembamba inayowahi kuzama.

Taa za wavuvi zenyewe, hata hivyo, ni adui wa macho yako. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola, nyeupe na kali, na usiku wa kazi hujipanga majini kwa wingi. Usiilaumu kazi ya mtu. Tafuta mahali ambapo jabali, ukuta au miti inasimama kati yako na ziwa, huku upande wa kusini ukibaki wazi. Nyegezi haina uhaba wa majabali. Ila usiweke darubini ikatazama juu ya jabali kubwa au paa la bati saa ya kwanza baada ya jua kuzama. Jiwe lililochomwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto, hewa iliyo juu yake hucheza, na nyota zinatetemeka mpaka fungu zima linaonekana kama doa tu. Uwanja wa nyasi ni bora kuliko sakafu ya saruji, na saruji ni bora kuliko jabali.

Kishawishi kikubwa ni kwenda ufukweni, ambako upeo ni mpana. Nakushauri usiende kwenye matete wala kwenye maji. Viboko hutoka ziwani usiku kuja kula nyasi, na mtu aliyezoesha macho yake giza huku akiangalia juu ndiye hasa asiyewaona. Mamba nao wapo. Mbali na hatari hiyo, ukingoni mwa maji umande ni mwingi, mbu ni wengi, na wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi hufuata mwanga wowote utakaouwasha. Panda juu kidogo, mita mia kadhaa kutoka ufukweni. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, jipake dawa ya mbu mikononi na miguuni, kisha nawa vidole kabla ya kushika lenzi, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huharibu plastiki na tabaka la juu la kioo.

Kuna jambo la kijamii ambalo vitabu vya kigeni havilisemi, na kwetu lina uzito. Mtu anayesimama gizani na bomba refu, akizungukwa na watu walionyamaza, taa zimezimwa, ataleta maswali mtaani. Mweleze mwenyekiti wa mtaa mapema. Waambie walinzi wa jirani na vijana wa ulinzi shirikishi. Usielekeze darubini kwenye madirisha ya watu wala kambi yoyote ya ulinzi, na usitumie tochi ya leza kuonyesha nyota, maana Mwanza ina uwanja wa ndege na leza humpofusha rubani. Jambo bora zaidi ni kumkaribisha mwenyekiti mwenyewe aweke jicho kwenye lenzi. Akishaona, yeye ndiye atakayewaelezea wengine, na hutakuwa na haja ya kujitetea tena.

Ukishafika mahali pako, toa darubini nje na uiache nusu saa kabla ya kuitumia. Kioo chenye joto la chumbani hutoa picha chafu mpaka kipoe sawa na hewa ya nje. Nusu saa hiyohiyo macho yako nayo yanazoea giza, na hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Dakika moja ya kioo cha simu inatosha kukurudisha mwanzo. Zima data, weka simu mfukoni, na kama ni lazima usome ramani ya nyota, funika tochi kwa kitambaa chekundu au karatasi nyekundu ya plastiki, tabaka mbili au tatu, mpaka mwanga ubaki hafifu. Mwanga mwekundu dhaifu hauharibu sana uoni wa usiku.

Sasa litafute fungu. Simama ukitazama kusini, mashariki iwe mkono wako wa kushoto. Saa tatu usiku mwezi Juni utaona Msalaba wa Kusini, nyota nne zinazong'aa, umeinamia kidogo upande wa kulia. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zinazoandamana, Alfa Centauri na Beta Centauri, ambazo huelekeza kwenye Msalaba. Katika hizo mbili, iliyo karibu zaidi na Msalaba ni Beta. Anza nayo. Kutoka Beta panda juu, ukiegemea kulia kidogo, nyuzi kama saba, mpaka kwenye nyota ya kadiri iitwayo Epsilon Centauri. Endelea na mstari huohuo kwa umbali unaokaribia ule wa kwanza, na utakuta nyota iliyofifia ambayo haikai kwenye ncha moja kama nyingine. Imetanuka, ina ukungu. Umefika. Kama huna kipimo, ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi kumi, kwa hiyo kutoka Beta hadi kwenye fungu ni ngumi moja na zaidi ya theluthi.

Kwa macho matupu, hayo ndiyo yote: nyota yenye ukungu. Ptolemy wa Aleksandria aliiandika katika orodha yake kama nyota, na mwaka 1603 Johann Bayer aliipa herufi ya omega kama alivyozipa nyota nyingine, ndiyo maana mpaka leo fungu lina jina la nyota moja. Edmond Halley, aliyekwenda kisiwa cha St Helena kupima nyota za kusini, aligundua mwaka 1677 kwamba si nyota ya kawaida.

Kwa darubini ya macho mawili ya ukubwa wa 10x50, aina wanayotumia watalii Serengeti, ukungu unakuwa mpira laini wa mwanga, mkubwa kuliko unavyotarajia. Upana wake angani unakaribia ule wa mwezi mpevu. Nikiulizwa na mwenye fedha kidogo anunue nini kwanza, jibu langu ni hilo: darubini ya macho mawili. Itamfaa kwa ndege wa ziwani mchana, kwa mwezi, kwa Kilimia, na kwa Omega Centauri. Aiegemeze ukutani au kwenye tawi ili mikono isitetemeke.

Kwa darubini yenye kipenyo cha milimita 70, mpira huanza kuwa na chembechembe, hasa ukitumia uoni wa pembeni, yaani ukilenga jicho kando kidogo ya kitu badala ya kukikazia macho. Nyota zinazong'aa zaidi katika fungu hili zimo mpakani mwa uwezo wa kifaa cha ukubwa huo. Milimita 114 au 130 zinavunja mpira ukingoni na nyota moja moja zinajitokeza. Ukifika milimita 150 mambo hubadilika kabisa: nyota ni mamia, zimetapakaa kama dagaa walioanikwa juu ya jabali, katikati wamelundikana hata huoni jiwe, pembeni wamebaki mmoja mmoja. Kwa milimita 200 nyota zinaonekana mpaka kwenye kiini. Usitarajie rangi. Picha za mtandaoni zimekusanya mwanga kwa muda mrefu na kamera; jicho halikusanyi hivyo, na fungu litakuwa jeupe lenye kijivu. Mpe kila mtu dakika tatu au nne kwenye lenzi. Anayetazama kwa sekunde kumi huona doa, anayetulia huanza kuona nyota zikijitokeza juu ya doa.

Turudi dukani. Kwanza puuza boksi lolote linalojisifu kwamba darubini inakuza mara 500 na zaidi. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya: urefu wa fokasi ya darubini kwa ule wa lenzi ya jicho. Darubini ya milimita 750 na lenzi ya milimita 25 inakuza mara 30. Ukiweka lenzi ya milimita 10 inakuza mara 75. Ukomo wa maana ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo kifaa cha milimita 70 kikivuka mara 140 kinakuza ukungu wake chenyewe. Kwa Omega Centauri anza na mara 30, kisha panda hadi kati ya 75 na 120. Ukikuza zaidi fungu halienei tena ndani ya lenzi. Kinachohesabika ni kipenyo. Ukilazimika kuchagua kati ya milimita 70 yenye kompyuta na milimita 130 isiyo na chochote, chukua ya pili bila kusita.

Halafu kuna stendi, na hapa mkazi wa Nyegezi anahitaji ushauri ambao muuzaji wa mbali hatampa. Darubini nyingi za bei ya wastani huuzwa zikiwa juu ya stendi ya ikweta, yenye mhimili mmoja unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, ili baada ya hapo uifuate nyota kwa kuzungusha kitasa kimoja. Kwa Mwingereza ncha ya kaskazini ya anga ipo juu, zaidi ya nyuzi 50. Kwetu ncha ya kusini ipo nyuzi 2.6 tu juu ya upeo, maana yake mhimili ulale karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi za bei hiyo hazilali kiasi hicho. Skrubu hugota mapema. Hata ile inayokubali kulala, uzito wake wa kusawazisha huanza kugonga miguu ya stendi. Watu wamenunua vifaa vizuri wakavitelekeza stoo kwa sababu hiyo tu, wakidhani wao ndio hawajui kutumia. Sisi wa ukanda huu tununue stendi ya kawaida inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia. Ya kufaa kuliko zote ni ile aliyoieneza John Dobson wa Marekani: bomba lenye kioo linalokaa ndani ya sanduku la mbao linalozunguka sakafuni. Haina gia wala injini, haitaki umeme, na sanduku lake fundi seremala yeyote mwenye plaiwudi nzuri anaweza kulitengeneza. Walimu na vikundi vya wanafunzi wanaweza kuagiza kioo na lenzi peke yake na kuacha mbao kwa fundi wa mtaani. Fedha inayookolewa iingie kwenye kipenyo.

Ukitumia stendi ya namna hiyo utasukuma bomba kwa mkono, kwa sababu dunia inazunguka na fungu linahama. Kwa ukuzaji wa mara 75, Omega Centauri ikiwa katikati ya lenzi itachukua dakika mbili hivi kufika ukingoni. Zoea kuisogeza kabla ya kumpisha anayefuata. Na onyo ambalo halina mjadala: darubini ya aina yoyote isielekezwe kwenye jua bila kichujio maalumu kinachokaa mbele ya bomba. Jicho linaungua mara moja na halirudi. Mchana ifungie mbali na watoto.

Unyevu wa ziwa utaila lenzi yako usipouzuia. Ukungu wa kuvu huota ndani ya vioo vilivyofungiwa vikiwa na umande, na ukishaota huwa umeacha alama za kudumu. Ukirudi ndani usifunike darubini papo hapo. Iache ikauke, kisha ihifadhi kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu na mikoba mipya. Wakati wa kutazama, kunja kipande cha mkeka mweusi wa sponji kizunguke mdomo wa bomba na kuchomoza mbele. Umande utapungua sana. Usifute kioo kwa shati, kamwe.

Nimesema mengi juu ya vifaa, lakini napenda mtu anayesimama Nyegezi ajue anachokitazama. Omega Centauri ipo mbali nasi kiasi cha miaka 17,000 ya mwanga. Mwanga utakaoingia jichoni mwako Juni uliondoka kule karibu na enzi ambazo Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Watafiti waliotoboa matope ya chini ya ziwa wamekuta udongo wa nchi kavu na mabaki ya mimea, na maji yalirudi kujaa miaka 15,000 hivi iliyopita. Mamia ya aina za furu ambao wavuvi wa Ghuba ya Mwanza wanawafahamu wametokea tangu hapo. Mwanga huo ulikuwa tayari njiani. Hakuna mahali pengine duniani ambapo ukweli huu una maana kama ulivyo kwa mtu aliyesimama kando ya ziwa hili, na nashangaa kwamba hausimuliwi katika kila darasa la jiografia la Kanda ya Ziwa.

Kiini chenyewe bado kinachunguzwa. Mwezi Julai 2024 kundi la wanasayansi likiongozwa na Maximilian Häberle wa Taasisi ya Max Planck, Heidelberg, lilitangaza kwamba katika picha zaidi ya 500 za darubini ya anga ya Hubble, zilizopigwa kwa miaka kama 20, kuna nyota saba katikati ya fungu zinazokwenda kasi mno. Kasi hiyo inaelezeka ikiwa hapo pana shimo jeusi lenye uzito wa angalau jua 8,200. Hutaliona kwa darubini ya nyumbani, lakini utakuwa unaangalia mahali penyewe.

Ukishalizoea hili la kwanza, mengine yanakuja kwa urahisi. M4 lipo pembeni ya Antares, nyota nyekundu ya kundi la Nge, kiasi cha nyuzi moja na robo upande wa magharibi. Mwishoni mwa Julai saa tatu usiku hupita karibu na utosi. Limeachana zaidi, na linahitaji giza halisi. M22 katika kundi la Mshale hupendeza zaidi Agosti, likishindana na moshi. 47 Tucanae ndilo la pili kwa kung'aa baada ya Omega Centauri, lakini kwetu halipandi zaidi ya nyuzi 20 juu ya upeo wa kusini. Lijaribu katikati ya Oktoba, saa tano na nusu usiku, kabla ya vuli kushika. Utagundua kwamba Julai na Agosti mafungu yamejazana upande wa Nge na Mshale. Mwaka 1918 Harlow Shapley aliitumia dalili hiyohiyo kuonyesha kwamba jua letu halipo katikati ya galaksi. Kitovu kipo upande ule wa Mshale, ambao kwetu hupita juu ya kichwa.

Kazi hii si ya kufanywa na mtu mmoja mmoja. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameieleza elimu ya anga kwa wananchi kwa miaka mingi, na tarehe 1 Septemba 2016 umati ulifika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama jua likipatwa na kubaki pete. Nchini Kenya, Susan Murabana na mwenzake Chu Owen huizungusha darubini yao mashuleni. Mwanza ina chuo kikuu Malimbe, chuo cha uvuvi Nyegezi, na shule za sekondari kila kata. Darubini moja ya milimita 150 inayomilikiwa na shule tatu kwa pamoja, ikatoka nje siku nne za giza kila Juni, itawafikia wanafunzi wengi kuliko darubini kumi zilizofungiwa majumbani.

Mwalimu wa fizikia au jiografia unayesoma haya: fungua kalenda sasa, tafuta siku za giza za Juni ijayo, mpe taarifa mkuu wa shule na mwenyekiti wa mtaa, na uazime darubini ya macho mawili hata kama ni moja. Wazazi, waruhusuni watoto hadi saa tatu na nusu, na mwende nao.